Nyumba mpya na baridi ya Juni Njombe: maji yatoke kwanza, ndipo ufungie joto

Alfajiri ya Juni mjini Njombe. Mvua imekata tangu mwezi uliopita, na bado dari mpya ya jipsamu ina mabaka ya maji. Mwenye nyumba anamwita fundi wa bati. Fundi anapanda, anapaka silikoni kila msumari anaouona, analipwa, anaondoka. Kesho yake mabaka yameongezeka. Bati halivuji. Maji yale yametoka ndani ya nyumba yenyewe: mengine kwenye lipu iliyopigwa Aprili, mengine kwenye pumzi za waliolala humo. Yamepanda juu kama mvuke, yakakutana na bati lenye baridi.

Kutofautisha maji haya na ya kuvuja hakuhitaji kifaa. Panda darini na tochi kabla jua halijapiga paa. Maji ya kuvuja hukaa sehemu moja, chini ya kofia (bati la kufunika kilele cha paa), pale paa mbili zinapokutana, au kwenye msumari uliopigwa kombo, na huonekana mvua ikinyesha. Umande wa ndani hutanda kwenye bati zima kwa matone madogo, kama jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone yakikua huteremka kwa mwinamo wa bati hadi yagonge papi (mbao zinazolaliwa na bati), na hapo ndipo hudondoka. Kwa hiyo mabaka yake kwenye dari hujipanga mistari, mmoja kwa kila papi. Tena huja baada ya usiku wa anga safi yenye nyota, usiku ambao hakuna hata wingu la kusingizia.

Usiku kama huo bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Wakazi wa Makete wanalijua jambo hili kwa macho: asubuhi bati limepauka kwa sakitu, yaani umande ulioganda, ilhali maji ya ndoo iliyoachwa barazani hayajaganda. Hewa ya nyuzi 18 inaweza kubeba gramu 15 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 inabeba gramu 7 tu. Chumba cha nyuzi 18 chenye unyevu wa asilimia 70 kina karibu gramu 11. Hewa hiyo ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 12, iwe bati, kioo au fremu ya aluminiamu, mvuke uliozidi unageuka maji papo hapo.

Shule hufungwa Juni, watoto wa bweni wanarudi, na kila mwenye nyumba ambayo haijaisha anataka wapokelewe kwenye nyumba mpya. Ratiba inabanwa, lipu inapakwa rangi ikiwa mbichi, dari inafungwa juu ya mbao mbichi, na madirisha yanazibwa kwa sababu ya baridi. Nyumba inakuwa chupa iliyofungwa ikiwa na maji ndani.

Maji yaliyo ukutani ni mengi kiasi gani

Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye dari ya mita za mraba 90. Kuta zake za ndani, ukihesabu pande zote mbili za kuta za katikati, hufika mita za mraba 300 hivi. Lipu ya ndani ya milimita 12 kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5 hula takriban mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kila mita za mraba 10. Hiyo ni mifuko 30. Kila mfuko unachanganywa na maji lita 25 hadi 30, yaani kwa wastani zaidi ya lita 800 kwa nyumba nzima. Saruji yenyewe, ikishikana, inakula lita 12 hivi kwa mfuko. Zilizobaki, karibu lita 500, mapipa mawili na nusu, lazima zitoke kwa njia ya hewa. Hapo hatujahesabu maji ya kumwagilia, ya skimu (tabaka laini la kusawazisha lipu kabla ya rangi), wala ya jamvi (zege la sakafu).

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Lipu mpya inatakiwa kumwagiliwa, na ni kweli: siku 7 za mwanzo iwe na unyevu, asubuhi na jioni, la sivyo saruji haishikani vizuri na ukuta unakuwa wa kumomonyoka ukiukwaruza kwa kucha. Baada ya siku hizo 7 kazi inageuka kabisa. Sasa unataka ikauke, na ikauke polepole. Kadirio linalofaa ni milimita moja kwa siku kama hewa inapita vizuri, lakini usiku wa Njombe unapunguza mwendo huo, kwa hiyo siku 28 kabla ya kuigusa kwa skimu au rangi ndicho kipimo salama. Lipu ya nje ina shida yake nyingine. Saruji ikipoa hadi nyuzi 5 karibu inasimama kufanya kazi, na sakitu ikiikuta ingali laini, maji yaliyomo huganda na kuitenganisha na tofali. Kuanzia mwishoni mwa Mei, lipu ya nje imalizwe kabla ya saa 8 mchana na ifunikwe kwa turubai au magunia usiku.

Kukausha maana yake ni kufungua madirisha yote saa 4 asubuhi, hewa ikishakuwa kavu, na kuyafunga saa 10 jioni. Fungua na milango ya ndani, hewa ipite kutoka upande hadi upande. Mei na Juni hewa ya mchana ya nyanda za juu ni kavu na inafanya kazi hiyo bure. Kuwasha jiko la gesi chumbani ili ukuta ukauke ni kujidanganya: kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji kama lita 1.6 yanayoingia kwenye hewa ileile. Jiko la mkaa halitoi maji mengi, lakini linakausha ngozi ya juu tu na kuacha nyufa kama za matope. Hatari yake nyingine, iliyo kubwa zaidi, tutaifikia.

Usimwamini anayepapasa ukuta kwa kiganja na kusema umekauka. Kata kipande cha nailoni safi cha sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta ukungu wa maji upande wa ndani wa nailoni, au lipu imekuwa nyeusi chini yake, subiri. Fanya hivyo sehemu tatu: ukuta wa nje upande usiopata jua, chini karibu na sakafu, na chooni.

Ukipuuza kipimo hicho, makosa yatajionyesha kwa mpangilio unaotabirika. Skimu ya jipsamu juu ya lipu mbichi hutoa malengelenge, kisha hubanduka kama maganda ya kiazi. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi, kwa sababu saruji mbichi ina ukali wa chokaa ambao hugeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni: ukuta unabaki unanata na kubadilika rangi, na dawa yake ni kukwangua yote. Kwenye tofali za kuchoma utaona pia unga mweupe. Hizo ni chumvi za tofali na mchanga zinazoletwa nje na maji yanayotoka. Zipanguse kwa brashi kavu, usizioshe, maana ukiosha unazirudisha ndani.

Mbao nazo zina maji

Njombe na Mufindi paini ni nyingi, na wingi huo unawaponza watu, maana mbao hutoka mashineni leo na kesho ziko darini. Fremu ya dari ya mbao za mbili kwa mbili ikiwa mbichi itapinda kadiri inavyokauka, na itavuta bodi pamoja nayo. Nyufa zilizonyooka unazoziona kwenye maungio ya jipsamu baada ya miezi mitatu mara nyingi si kosa la fundi wa skimu. Mbao za dawa zisikudanganye: zikitoka kwenye tangi la dawa zimelowa kuliko zilivyoingia. Zinunue mapema, zipange kivulini zikitenganishwa na vijiti, miezi 2 hadi 3 wakati wa kiangazi. Ukipiga msumari ukaona unyevu unajitokeza pembeni ya kichwa chake, mbao hiyo bado.

Dari kwanza, ukuta baadaye

Watu huuliza ukuta upi unafaa kwa baridi, na kusahau kwamba sehemu kubwa ya joto inaondokea juu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, ndani nyuzi 10 zaidi ya nje. Chini ya bati tupu, chumba hicho kinapoteza karibu wati 840 kupitia paa peke yake, sawa na hita ndogo ya umeme inayowaka usiku kucha kwa ajili ya nyota. Ukiweka dari ya jipsamu ya milimita 9, upotevu unashuka hadi wati 300 hivi, na kazi kubwa hapo inafanywa na hewa iliyotulia kati ya dari na bati, bodi yenyewe inachangia kidogo. Ukilaza juu ya dari hiyo pamba ya kioo ya milimita 50, ile ya manjano inayowasha ngozi, unabaki na wati 70 tu. Kuta mbili za nje za chumba hicho, za tofali za kuchoma za inchi 6, zinapoteza wati 400. Kwa hiyo ukishamaliza dari, ukuta ndio unabaki mkosaji mkuu, lakini kuuhami ni kazi ghali, na la kwanza unaloweza kuufanyia ni kuuacha ukauke: tofali lililolowa linapitisha joto zaidi kuliko lililokauka.

Pamba ilazwe juu ya dari, isigandamizwe. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, na pamba ya milimita 100 iliyobanwa ikawa 50 imepoteza karibu nusu ya kazi yake. Isigusane na bati, iachiwe angalau sentimita 5, maana bati litadondosha umande na pamba iliyolowa haina faida. Kama ina upande wa foili, upande huo utazame chini, chumbani, ili uzuie mvuke kupanda. Isiyo na foili itandikiwe nailoni chini yake, na maungio yapishane sentimita 15. Fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu.

Madukani kuna foili yenye mapovu ambayo muuzaji atakuonyesha kwa kuishika juani na kukuambia uweke mkono chini yake. Onyesho hilo ni la kweli, lakini ni la Dar es Salaam. Foili inarudisha mionzi, na inafanya kazi vizuri sana joto linapotoka juu kwenda chini. Usiku wa Njombe joto linapanda, nalo hupanda zaidi kwa mwendo wa hewa, na hewa haijali kung'aa kwa foili. Tena foili ikibanwa kati ya papi na bati bila nafasi ya hewa ya sentimita mbili na nusu, inakuwa karatasi tu. Ifunge chini ya bati kama unataka kukinga umande usidondokee dari, kwa hilo inafaa, ila usiinunue ukidhani ni blanketi.

Asiyemudu pamba ana njia nyingine. Pumba za mpunga zinapatikana kwa malori kutoka Mbarali, na randa za paini (maganda membamba yanayotoka mbao zikipigwa randa) zimejaa kwenye karakana za mjini. Zote mbili, zikiwa kavu na zenye unene wa sentimita 10, zinafanya kazi inayokaribiana na pamba ya milimita 50 au kuizidi kidogo. Tatizo la kwanza ni uzito. Randa za unene huo zina kilo 10 hivi kwa mita ya mraba, wakati pamba haifiki kilo moja, na bodi ya jipsamu ya milimita 9 haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Zinafaa juu ya dari ya mbao. Kama ni jipsamu, fremu isizidi sentimita 40 kati ya mbao na mbao, na mzigo ukae kwenye mbao zilizopigiliwa juu ya fremu. Tatizo la pili ni moto. Randa huwaka upesi kuliko pumba za mpunga, kwa hiyo nyaya zote zipite kwenye mabomba, viungio viwe ndani ya boksi lenye kifuniko, na kila taa ya kuzamishwa darini izungushiwe uzio wa bati, wazi juu, wenye nafasi ya sentimita 10. Panya tusiwasahau: wavu wa chuma kwenye kila tundu, kabla ya kumwaga chochote.

Kwa hesabu ya bodi: moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ni mita za mraba 2.88. Dari ya mita 90 inataka 32, nunua 35. Skrubu zipishane sentimita 15 hadi 20, na maungio ya bodi yasikutane msalaba. Kisha fanya kile ambacho mafundi wengi hawafanyi bila kuambiwa, nacho ni kuziba matundu: pembeni ya nyaya za taa, mahali bomba linapopita, na kifuniko cha kupandia darini, ambacho kiwekewe ukanda wa sponji ukingoni. Mvuke mwingi unaofika kwenye bati hupita kwenye matundu haya, mdogo tu hupenya bodi.

Na juu ya dari fanya kinyume chake: acha hewa ipite. Dari ya mita 90 inahitaji matundu ya jumla ya mita ya mraba 0.3. Ufa wa milimita 20 nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), wenye wavu, kwa urefu wa mita 10 kila upande wa nyumba unatosha. Baadhi ya watu huziba kila kitu kwa zege hadi chini ya bati kwa ajili ya popo, halafu wanashangaa kenchi (mbao za kubeba paa) zinapoota ukungu.

Madirisha, milango na jiko

Mlango wa sentimita 90 ulioachwa juu ya sakafu kwa sentimita moja ni tundu la sentimita za mraba 90. Hakuna ambaye angeacha tundu la namna hiyo ukutani, lakini chini ya mlango watu huliacha. Kizingiti na ukanda wa raba vinamaliza tatizo. Kwenye dirisha la aluminiamu la kusukuma, angalia brashi za pembeni kama zimekaa, halafu angalia reli ya chini: ina vitundu vidogo upande wa nje. Ni vya kutolea maji. Kila mwaka kuna fundi anayeviziba kwa silikoni kwa bidii, na mvua ya Novemba ikija reli inajaa na maji yanamwagikia ndani. Silikoni ni ya kati ya fremu na ukuta, basi.

Pazia zito linalogusa sakafu husaidia sana. Kabati la nguo lisiegemee ukuta wa nje, liache sentimita 5 hadi 10. Ukungu mweusi nyuma ya kabati ni jambo la kawaida la Julai kwenye nyumba mpya. Watu wanne waliolala kwa muda wa saa 8 hutoa maji zaidi ya lita moja kwa pumzi na jasho, kwa hiyo fungua dirisha dakika 15 kila asubuhi jua likitoka. Ukuta hautapoa kwa muda huo, lakini mvuke utakuwa umetoka.

Nyumba ya zamani yenye nyufa ilisamehe jiko la mkaa chumbani. Hii uliyoziba haisamehi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliofifia kuwa majivu mekundu bado unaitoa. Mtu analala, haamki. Mtungi wa maji ya moto kitandani unatosha. Anayetaka moto wa ndani ajenge dohani (bomba la kutolea moshi) mapema, mdomo wake uwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, na mbao za kenchi zikae mbali nayo.

Kama umechelewa

Ni katikati ya Mei na lipu ndiyo kwanza imepigwa. Usipake rangi. Chagua vyumba viwili vinavyopata jua la asubuhi, vikaushe kwa utaratibu wa madirisha, vifungie dari na pamba, ziba milango yake, na uwalaze watoto humo kwenye kuta za kijivu. Lipu kavu isiyo na rangi haina aibu na haina ukungu. Vyumba vilivyobaki viache bila dari, milango yake ikiwa imefungwa upande wa ndani, madirisha wazi mchana. Sakafu iwekewe mkeka. Kapeti la plastiki lisubiri, maana jamvi la sentimita 10 linachukua miezi 4 hadi 5 kukauka na kapeti litanasa unyevu chini yake. Skimu na rangi zifanywe Septemba na Oktoba, siku zikiwa na joto na kavu, kabla mvua za Novemba hazijaanza, na nailoni ya sentimita 45 ibandikwe tena ukutani kabla fundi hajafungua ndoo ya kwanza.